Usimrushe baharini kwanza: jinsi ya kumjua kobe, kasa na kobe wa maji

Kuna siku nilikuwa Pangani kwa mjomba, wakaja vijana wawili wamebeba ndoo, jasho linawatoka, furaha tele, wanasema wameokoa kasa barabarani kule kwenye mkonge, pikipiki nusura imkanyage, na sasa wanampeleka baharini kwao. Mjomba amevua tangu yuko mdogo, hata kwenye kiti hakuinuka, akawauliza tu, "Miguu yake mmeiona, wanangu?" Wakainamisha ndoo. Miguu minene, mifupi, chini ni duara, kama ya tembo wa kuchezea. Kobe wa nchi kavu huyo. Baharini alikuwa anapelekwa kufa maji, na wale vijana wangerudi zao nyumbani wakijua wamepata thawabu.

Ndo nikaona niandike hii, kwa sababu makosa ya aina ile yanafanywa kila siku na watu wazuri tu, na pia kuna makosa mengine ya kuchanganya hawa viumbe ambayo yanaua binadamu, hiyo nitaifikia.

Shida nadhani inaanzia kwenye majina. Bara wengi wana neno moja tu, kobe, chochote chenye gamba na kichwa kinachojificha ni kobe, na yule wa baharini ni "kobe wa baharini". Pwani tuna kobe na tuna kasa, hapo tumewazidi, ila yule wa tatu anayekaa kwenye madimbwi na mito hana jina lake la peke yake, utasikia kobe wa maji, kobe wa mtoni, basi. Waingereza wana majina matatu, Wamarekani wakaja wakavuruga tena, karibu wote wanawaita jina moja, kwahiyo ukiingia kutafuta habari zao kwenye intaneti unasoma ya huyu unaenda kumtendea yule. Hapa mimi nikisema kobe namaanisha wa nchi kavu, kasa ni wa baharini, na kobe wa maji ni yule wa maji baridi, mtoni, bwawani, ziwani, kwenye majaruba ya mpunga.

Wote watatu ni ukoo mmoja na kuna vitu wanafanana ambavyo ni muhimu uvijue. Wote wanavuta hewa kwa mapafu, hata kasa, hana mashavu ya kupumulia kama samaki, akinasa kwenye nyavu chini ya maji anakufa maji kama wewe na mimi. Wote wanataga nchi kavu, hata yule ambaye maisha yake yote ni baharini lazima jike apande mchangani akafukie mayai. Na wote gamba lao ni mwili, sio nyumba waliyoingia. Uti wa mgongo na mbavu vimeshikana na gamba kwa ndani, kwahiyo ile ya kujivua gamba tuliyoisikia sana 2011 kwenye siasa za Tanzania, kobe hata umpe kadi ya chama haiwezi. Alafu gamba lina mishipa ya fahamu, anaumia. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanamtoboa pembeni ya gamba wapitishe kamba wamfunge uani kama mbuzi, jamani acheni, ni sawa na mtu akutoboe kwenye mbavu.

Anza na miguu

Ukikosea vyote ila miguu ukaiangalia vizuri, utapatia. Kasa hana miguu, ana makasia. Ya mbele ni marefu na bapa kama mbawa, vidole huvioni, labda ukucha mmoja au mawili ukingoni, ya nyuma ni mafupi anayatumia kama usukani na kuchimbia shimo la mayai. Akiwa mchangani anajikokota, tumbo linaburuza, hawezi kusimama akainua mwili. Kwahiyo ukimwona amesimama kwa miguu minne na tumbo liko juu ya ardhi, hata kama umemkuta ufukweni hatua mbili kutoka kwenye maji, huyo sio kasa, usimguse kwanza.

Kobe ana nguzo. Miguu ya nyuma ndo utaiona vizuri, mviringo, kisigino na vidole vyote vimefungana, kucha nene na butu, hakuna utando wowote katikati. Ya mbele ina magamba magumu kwa nje maana akijificha anaikunja mbele ya uso kama mlango.

Kobe wa maji ni katikati ya hao wawili na ndo anayesumbua watu. Vidole vyake vinaonekana, vimeunganishwa na utando kama wa bata, kucha ni ndefu na kali maana anararulia nyama. Anatembea vizuri tu nchi kavu na anaogelea vizuri. Ukiona utando na kucha kali usiendelee kujiuliza, huyo ni wa maji baridi.

Shingo

Hapa ndo mahali pazuri pa kuhakikisha. Msogelee taratibu, akiogopa uangalie anavyoficha kichwa. Kobe anarudisha kichwa ndani moja kwa moja, kama unavyorudisha droo, alafu anafunga na mikono. Kobe wa maji wa kwetu hawezi hivyo, anakunja shingo kwa ubavu, kichwa kinalala pembeni chini ya ukingo wa gamba na jicho moja linakuchungulia. Ukishaiona mara moja huisahau. Kasa hafichi kitu, kichwa chake hakiingii ndani na makasia hayaingii, kila kitu kiko nje, alikubali kupoteza ulinzi huo ili apate kuogelea.

Kuna kobe wa maji ambao hawafuati hii ya ubavu, wale wenye gamba laini kama ngozi iliyolowa na pua ndefu kama mrija, wapo Ziwa Turkana na wengine Ziwa Nyasa, hao wanarudisha shingo nyuma. Ila huyo kwa pua yake na gamba lake huwezi kumchanganya na mtu.

Na kama bado una mashaka, tumia pua. Kobe wa maji aliye wengi huku kwetu, yule mweusi mweusi wa madimbwini, ukimshika anatoa harufu mbaya sana, mbaya kweli, mkono unanuka hadi jioni. Kobe hanuki hivyo. Kobe yeye anakojoa.

Gamba na mahali vinadanganya

Kila mtu anaanza na gamba, ndo maana nimeliweka nyuma. Kawaida ni kweli, kobe gamba lake limepanda kama bakuli lililofunikwa, kama yule mkubwa wa madoa meusi na njano tunayemwona sana mbugani na mashambani. Kobe wa maji limelala kidogo, rangi ya matope. Kasa limenyooka nyuma kama jani ili maji yapite. Ila sasa kuna yule kobe bapa wa kwenye mawe, mimi namwita kobe chapati, anapatikana Kenya, Tanzania na kidogo Zambia, urefu wa gamba ni kama sentimita 17 hivi na unene wake ni sentimita 3 au 4 tu, gamba linabonyea ukilishika. Mtu akimwona anasema huyu lazima ni wa maji, mbona bapa. Hapana, ni kobe kabisa, ubapa ni wa kujichomeka kwenye nyufa za majabali, akiona hatari hajifichi ndani ya gamba kama wenzake, anakimbia, na anakimbia kweli, anaingia kwenye ufa anajibana humo kumtoa huwezi. Kwa kawaida anataga yai moja kwa wakati, kwahiyo wakiibiwa wachache tu kwenye mlima fulani hapo wamekwisha. Watu wanawaiba kwenda kuwauza nje, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imebanwa kwa kiwango kilekile cha kasa.

Wengine magamba yao yana bawaba. Kuna kobe mdogo ambaye sehemu ya nyuma ya gamba la juu inashuka inafunga miguu ya nyuma, na kuna kobe wa maji ambaye bawaba iko kwenye gamba la tumbo upande wa mbele, anafunga kichwa ndani kama sanduku. Kwahiyo bawaba juu nyuma, nchi kavu. Bawaba chini mbele, maji. Hii ni nzuri kuibishania na marafiki.

Na kuhusu kuhesabu miaka yake kwa zile duara za kwenye vigae vya gamba, sahau. Mwaka wa mvua nzuri anaweza kuongeza zaidi ya moja, akizeeka zinasagika, hupati kitu cha uhakika.

Mahali napo pana ujanja wake. Mvua za masika zikipiga utakuta kobe wa maji katikati ya barabara ya vumbi, mbali na mto wowote unaoujua, anahama anatafuta dimbwi jipya. Kiangazi anajifukia kwenye matope anakaa humo hadi mvua irudi, watu wanachimba kisima wanamkuta wanashangaa katokea wapi. Na kobe wa nchi kavu nae utamkuta kwenye dimbwi anakunywa, anaingiza kichwa chote, anaonekana kama anaoga. Kwahiyo "nimemkuta majini" au "nimemkuta barabarani" haitoshi.

Mfano mkali kabisa ni Kimbiji, kusini ya Dar. Desemba 2004 alitoka baharini pale ufukweni kobe mkubwa, kobe sio kasa, wa aina ile ya Aldabra kule Ushelisheli, zaidi ya kilometa 700 kutoka hapo. Alikuwa amekonda na miguuni wameota wale wadudu wenye magamba wanaogandaga kwenye ngalawa, yani alikaa majini wiki nyingi akielea. Wewe ungekuwa pale ungesema nini? Katoka baharini, ni mkubwa, basi ni kasa, tumrudishe. Ungemuua baada ya safari yote ile. Miguu yake lakini ilikuwa nguzo. (Mwezi huohuo, baada ya tsunami, ndo yule mtoto wa kiboko aliokolewa Malindi akapelekwa Haller Park Mombasa akamganda kobe mmoja wa aina hiyohiyo anaitwa Mzee, nadhani mwezi ule makobe wa Aldabra walikuwa na zamu.) Ukitaka kuwaona kwa karibu nenda Changuu, pale Unguja, walianza wanne walioletwa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919.

Tusiseme sana, ila kasa nae ana aina zake

Duniani kuna aina 7 za kasa na 5 tunazo kwenye bahari yetu. Anayeonekana zaidi ni kasa wa kawaida, yule wa kijani, akishakua anakula majani ya baharini na mwani. Wa pili ni ng'amba. Hawa wawili ndo utakutana nao. Ng'amba mdomo umechongoka kama wa mwewe, anachokonolea sponji kwenye matumbawe, na vigae vya gamba vimepandana kama vigae vya paa, kasa wa kawaida vigae vyake vimekaa bega kwa bega. Katikati ya macho, kasa wa kawaida ana jozi moja ya magamba marefu, ng'amba ana jozi mbili. Gamba la ng'amba ndo lilimponza, mabaharia wa Kigiriki karibu miaka 2000 iliyopita walishaandika kwamba linanunuliwa kwenye pwani hii pamoja na pembe za ndovu, na biashara ya vitana na bangili iliendelea mpaka juzi juzi tu. Ukiuziwa leo bangili ya ng'amba usinunue, ni kosa, na kwenye ndege watakushika wewe sio aliyekuuzia.

Wengine watatu ni duvi, mwenye kichwa kikubwa kuliko kawaida, kigome ambaye ni mdogo na gamba lake karibu duara, na yule wa ngozi, wengine wanamwita noa, mkubwa kuliko wote, hana vigae kabisa, mgongoni ana ngozi nyeusi yenye matuta marefu, anakula viwavi vya baharini yani kiwavi yule anayewasha. Huyo anaweza kupita kilo 500. Ukimwona umebahatika, piga picha kwa mbali.

Asubuhi ukitembea ufukweni unaweza kujua nani kapanda usiku kwa alama tu. Kasa wa kawaida anasukuma makasia yote mawili kwa pamoja, alama zinalingana kushoto na kulia, ni kama tairi la trekta limepita, upana karibu mita moja. Ng'amba ni mwepesi, anapishanisha kama mtoto anayetambaa, alama zinapishana na njia ni nyembamba zaidi.

Sasa umeshamjua, unafanyaje

Ni kobe, yuko barabarani. Mshike pande mbili za gamba kwa mikono miwili, usimwinue juu, mpitishe chini chini, muweke upande aliokuwa anaelekea, sio upande unaoona wewe ni mzuri, maana ukimrudisha nyuma atageuka aanze tena kuvuka. Fanya haraka na kwa utulivu, kwa sababu akiogopa anakojoa, na yale sio mkojo wa bure, ni akiba yake ya maji ya kiangazi, ukimmaliza maji mwezi wa tisa anaweza kufa wewe ushasahau kama mlikutana. Ile ndoo ya Pangani ilikuwa imelowa yote, mjomba akawaambia wampe maji kwanza kwenye sinia, sinia bapa la kina kifupi, ndo wakamrudishe. Usimpeleke nyumbani ukamfuge. Tanzania na Kenya kumweka bila kibali ni kosa, na chakula chake ni majani, nyasi na mimea ya maji maji, wali na mkate vinamharibu. Mbugani utamkuta hata anatafuna mfupa mkavu, anatafuta chokaa ya gamba.

Ni kobe wa maji. Kama anatembea na anaonekana anajua anakoenda, mwache. Kama yuko hatarini msogeze, ila shika nyuma ya gamba karibu na miguu ya nyuma, kwa sababu shingo yake ni ndefu kuliko unavyodhani na anang'ata, na ukimshika mbele anakuparua kwa zile kucha. Mpeleke dimbwi au mto wa karibu, muweke ukingoni aingie mwenyewe. Baharini hapana, maji ya chumvi sio yake. Osha mikono kwa sabuni baadae, wanabeba bakteria wa salmonela, na hii ni kwa watoto hasa, ndo sababu Marekani tangu 1975 hawaruhusu kuuza wale wadogo wadogo kama wanyama wa kufuga, watoto walikuwa wanawatia mdomoni.

Hao wadogo wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho ndo walioenea dunia nzima. Ukinunuliwa mmoja, uko Ulaya, Uarabuni au popote, jua kwamba ni kobe wa maji, anakua anafika ukubwa wa sahani, anaishi miaka mingi, na akikuchosha usimtupe mtoni. Anashindana na wale wenyeji na mara nyingi anashinda. Mwingine mtu ananiambia kobe wangu hali, nampa kabichi siku ya tatu. Nikamuuliza vidole vyake vina utando? Vina. Basi huyo anataka nyama, wadudu, samaki, na hawezi kumeza vizuri bila maji. Wa kwetu ni mkali hivyohivyo, anavizia chini ya maji, njiwa akija kunywa anamvuta miguu.

Ni kasa, amepanda kutaga. Hapa kazi kubwa ni kutofanya kitu. Zima tochi, zima flashi ya simu, kaa chini, kaa nyuma yake, usimpitie mbele. Akishtuka kabla hajaanza kutaga anageuka anarudi majini bila kutaga. Mayai ni kama 100 na kitu kwa shimo moja, yanakaa siku 50 hadi 60, na joto la mchanga ndo linaamua, mchanga wa moto sana wanatoka majike, wa baridi madume. Utaona machozi yanamtoka, wazee wanasema analia uchungu, ila ile ni chumvi anaitoa kwa tezi za machoni, anafanya hivyo hata akiwa majini ila huko huyaoni. Watoto wakitoka wanafuata sehemu yenye mwanga, zamani ilikuwa bahari chini ya nyota, sahivi ni taa za hoteli na baa, wanaelekea barabarani wanakufa. Ukiwakuta wanapotea zima taa kwanza, zuia mbwa na kunguru, waache watembee wenyewe, usiwabebe ukawatupe kwenye wimbi. Ukiwa Mafia, Watamu, au kwa ndugu zetu wa Oman pale Ras al Jinz, kuna waongozaji wanaokupeleka kuona, nenda nao, usiende kichwa kichwa.

Na usimle. Hii ndo ile ya kuua binadamu niliyosema mwanzo, na hapa kumtofautisha sio mchezo wa majina tena. Pemba mwaka 2021 walikufa watu saba baada ya kula kasa. Machi 2024, kisiwa cha Panza, hapohapo Pemba, walikufa tisa, wanane kati yao ni watoto, na 78 wakalazwa hospitali. Watu wanasema mbona babu zetu walikula? Ni kweli, na wengi hawakudhurika, ndo ubaya wake huo, kasa huyu anaweza kuwa salama na yule aliyevuliwa mwamba huohuo akawa na sumu, kwa macho huwezi kujua, ladha haibadiliki. Inaaminika sumu inatokana na vitu anavyokula baharini. Haitoki kwa kuchemsha, haitoki kwa ndimu wala kukaanga wala kukausha, na hakuna dawa ya kuiondoa mwilini, hospitali wanaweza kukusaidia usife kwa dalili tu. Mama akila na ananyonyesha, inapita kwenye maziwa, mtoto ndo anatangulia. Kwahiyo mtu akikuletea nyama akakwambia hii ni ya kobe, uliza kobe gani, na kama katoka baharini usipokee hata kwa kuona aibu. Kama mmekwishakula na mtu anaanza kuwashwa mdomo na koo, anatapika, analegea na kusinzia sinzia, msisubiri asubuhi, wote mliokula mwende hospitali hata ambaye hajisikii kitu.

La mwisho ni la wavuvi. Kasa akiingia kwenye nyavu ukamtoa amelegea, hatingishiki, usidhani kafa na usimrudishe majini vile, atazama afe kweli. Muweke kwenye boti akiwa ameegemea tumbo, sio chali, akilala chali matumbo yanamkandamiza mapafu. Inua upande wa nyuma kwa kuuwekea ubao au kamba iliyokunjwa, kama sentimita 20 hivi, ili maji yatoke kwenye mapafu, mfunike na kitambaa kilicholowa ila pua zibaki wazi, muweke kivulini. Mguse jicho au mkia taratibu kila baada ya muda uone kama anaitika. Inaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku nzima. Akishainua kichwa anavuta pumzi mwenyewe na anapiga makasia, zima injini au toa gia, mshushe kichwa kikitangulia upande ambao hakuna nyavu, alafu subiri apotee kabisa ndo uwashe.